Mwalimu, Gambiti Sio Kamari

Mwalimu, bila wewe mimi singejua farasi anaruka vipi, na hilo sitalikana hata siku moja. Lakini Jumamosi iliyopita ulikosea, na kwa vile ulikosea mbele ya watu, nami nasema mbele ya watu.

Wacha niwaeleze ambao hamkuwepo. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunacheza sataranji chini ya mkwaju hapa Malindi. Mbao sita. Mbili kati yake askari wamepotea kitambo, tunaweka visoda. Siku hiyo tulikuwa tunachagua vijana wanne waende kucheza Mombasa, mechi za dakika tatu kila upande, aliye na pointi nyingi ndiye anaenda. Kuna dogo mmoja wa Barani, miaka 13, anashika nyeusi dhidi ya kijana wa miaka 17 anayejiamini sana. Hatua ya nane: chekimeti. Watu wakapiga kelele mpaka mama wa viazi karai akaja kuuliza kama kuna ajali.

Mwalimu akauliza amechezaje. Dogo, akiwa na furaha zote za dunia, akarudisha kete na kuonyesha. Mwalimu akatazama, akakunja uso, akasema: hiyo sio sataranji, hiyo ni kamari, na mimi sipeleki wacheza kamari Mombasa. Akamfuta kwenye orodha. Dogo hakujibu. Alivaa patapata zake akaenda.

Jumatano nikamkuta nyuma ya duka, yeye na makijana wengine watatu, wameinamia simu ya kaka yake. Mnajua walikuwa wanaangalia nini. Kale kandege. Unaweka pesa, kandege kanapaa, namba inapanda, na ni lazima utoe hela yako kabla kandege hakajatoroka. Kalitoroka na shilingi hamsini mbele ya macho yangu. Sheria ya Kenya inasema miaka 18. Simu haiulizi, kwa sababu laini ni ya kaka.

Kwa hivyo mwalimu, umemtoa mtoto kwenye kamari isiyokuwa kamari, sasa yuko kwenye kamari yenyewe. Ndio maana nimeshindwa kunyamaza.

Tuanze na alichofanya dogo, maana wengine wanaongea na hawajui hata walichoona. Inaitwa Gambiti ya Englund, jina la Msweden mmoja, Fritz Englund. Nyeupe anaanza d4. Wewe unajibu e5, yaani unampa askari bure, hatua ya kwanza kabisa. Anakula. Unatoa farasi c6. Naye anatoa farasi f3 amlinde askari wake. Unaweka malkia e7, mahali pabaya, anaonekana kama anaziba njia ya askofu wake mwenyewe. Nyeupe anaongeza ulinzi, askofu f4. Hapo malkia anaruka b4, cheki. Askofu anarudi d2. Malkia anakula b2, na sasa anamtishia ngome kule pembeni.

Hapa ndipo utamu ulipo. Mkono wa nyeupe unawasha. Anaona akimpeleka askofu c3 atakuwa amemfukuza malkia na kuikinga ngome kwa hatua moja. Anajisikia mjanja. Anaweka. Wewe unaleta askofu b4, na askofu wake amefungwa: akisogea mfalme wake yuko wazi. Analeta malkia d2 kusaidia. Unakula c3. Anakula na malkia. Malkia wako anashuka c1. Mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe, hana pa kwenda. Hatua nane, umemaliza.

Na ndio, najua. Najua kabisa kwamba kama nyeupe, badala ya askofu, atapeleka farasi c3, mtego wote umekufa na nyeusi yuko kwenye shida kubwa. Injini yoyote itakwambia hivyo kwa sekunde moja. Sijaja hapa kusema Englund ni ufunguzi mzuri. Ni mbovu. Ukiicheza kwenye mechi ya saa moja na nusu, mtu ana nafasi ya kunywa chai, afikirie, aone farasi c3, halafu akukamue taratibu kama nazi. Mimi yamenikuta. Nilijaribu Englund kwenye mechi ndefu, jamaa akakaa dakika kumi na mbili kwenye hatua ya sita, akaweka farasi c3, akaniangalia. Hakusema kitu. Saa mbili zilizofuata nilikuwa nalipa deni la askari mmoja.

Lakini dogo hakucheza mechi ndefu! Alicheza dakika tatu. Dakika tatu ni sekunde 180. Mechi ikienda hatua arobaini, una sekunde nne na nusu kwa kila hatua. Kwenye sekunde nne na nusu hakuna anayecheza na injini. Unacheza na binadamu, mkono wake, mazoea yake, presha yake. Swali sio tena "hatua gani ni bora duniani?" Swali ni "nikimuuliza huyu jambo gumu sasa hivi, atalijibu kabla saa haijamla?" Dogo aliuliza. Kijana wa 17 akakosa. Nani alicheza sataranji hapo, aliyeuliza au aliyeshindwa kujibu?

Neno lenyewe linatuambia. Sisi wa Malindi tuna bahati moja wengine hawana, nusu ya mtaa inajua Kiitaliano kidogo, hata ambao shule hawakumaliza. Muulize yeyote anayeuza vinyago karibu na ufuo, gamba ni nini? Atakwambia mguu. Gambiti imetoka kwa Kiitaliano, gambetto, kumwangusha mtu kwa mguu. Padri mmoja Mhispania, Ruy López, ndiye aliyeitia kwenye kitabu chake cha sataranji mwaka 1561. Sisi tuna neno letu: kumpiga mtu mtama. Wengine ngwara. Umecheza mieleka mchangani ukiwa mdogo, unajua. Mtama haupigwi kwa nguvu, unapigwa kwa wakati. Unaacha mwenzako aje na uzito wake wote, unaweka mguu. Na ukikosea wakati, wewe ndiye unayekula mchanga.

Sasa mwambie mtoto wa Pwani kwamba mtama ni kamari.

Na mwalimu, samahani, hili nitalisema tu. Wewe mwenyewe nakuona pale stendi ukicheza drafti na wazee wa tuktuk. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiwekewa, unakula, utake usitake. Kwa hivyo drafti yote ni nini? Ni kutoa moja ule tatu. Nimekuona kwa macho yangu ukimwekea mzee kete, akala huku anacheka, halafu ukampitia tatu mpaka ukapata kingi, na ukanyanyua kofia. Hakuna aliyekuita mcheza kamari. Walikuita fundi. Na wazee wa bao ni hivyo hivyo, mtu anakuachia ule leo, ujione tajiri, kumbe zile kete ulizosambaza ndizo atakazokuja kuzifagia. Babu zetu wamekaa barazani wakitoleana kete tangu zamani. Kwa nini ujanja ukiwa kwenye visoda ni ufundi, ukihamia kwenye ubao wa miraba 64 unageuka dhambi?

Nikisikiliza hoja za watu wa "cheza vizuri", nyingi naona ni mambo ya meza, kiti na muda. Mechi ya polepole ni tamu, sikatai. Lakini inataka utulivu. Inataka simu yenye chaji, umeme usipotee, bando lisiishe, na mama asikutume dukani. Mimi nimejifunzia sataranji kwenye matatu ya Kilifi, daraja la Mnarani mtandao unakatika, ukirudi umeshapoteza kwa muda. Dakika tatu ndizo tulizonazo. Unamaliza mechi kabla tuktuk haijajaza abiria. Ukicheza dakika tatu kama unacheza saa tatu, utapoteza ukiwa na ubao mzuri na saa imekufa, na hakuna pointi za ubao mzuri.

Halafu wanasema eti hizi ni tabia za watoto wa mtandaoni. Sawa, zimetoka mtandaoni, kwani tatizo liko wapi? Eric Rosen wa Marekani ni International Master, cheo ambacho hapa kwetu ukikipata utapokelewa na ngoma. Huyo ndiye aliyefanya vijana dunia nzima wacheze Gambiti ya Stafford, ambayo nayo ni mbovu kwenye karatasi: unatoa askari wa e5, unaacha na farasi akuliwe, unabaki na maaskofu wawili wenye njaa. Nyeupe akicheza d3 halafu akakurupuka na askofu g5, farasi wa nyeusi anakula e4, nyeupe anakula malkia kwa furaha, anafikiri amemaliza kazi, na hatua mbili baadaye amekufa akiwa na malkia mkononi. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa kitandani saa saba usiku, nikacheka peke yangu mpaka dada akagonga ukuta.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nijifunze. Sikuingia kwenye sataranji kwa sababu ya mwisho wa mchezo wa ngome na askari. Niliingia kwa sababu ya kuona mtu anakula malkia halafu anakufa. Baadaye ndio nikajiuliza: na asipokula? Na akicheza hatua sahihi, mimi nafanya nini? Hapo ndipo nilianza kusoma kweli, Lichess ni bure, unaangalia kila tawi bila kulipa hata ndururu. Gambiti ilikuwa mlango. Mwalimu, umemfungia dogo mlango ukamwambia apitie dirishani.

Sasa nigeuke kwa wenzangu, maana mmeshaanza kupiga makofi mapema sana.

Kuna nyinyi ambao mmecheza Englund mechi elfu na hamjui kingine. Akiweka farasi c3, mnajiuzulu mnaanza nyingine. Mkipata mtu anayefungua e4, mnachanganyikiwa kama mgeni kashushwa Mtwapa usiku. Hamwezi kumaliza mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme. Nyinyi ndio mnampa mwalimu maneno. Huo sio ujanja, ni tego moja la samaki ambalo limewekwa sehemu moja mwaka mzima, samaki wameshalijua, wanalipita wakisalimia. Gambiti ni yako tu kama unajua itakavyokuua. Mimi dogo nilimuuliza Jumamosi ile ile kabla hajaondoka: akiweka farasi c3? Akanijibu bila kufikiri, "Naleta askofu b4, yeye ngome b1, malkia wangu anakimbilia a3, na hapo kaka nimeumia lakini bado tunapigana." Miaka 13! Alijua bei kabla ya kununua. Ndio maana nasema hakucheza kamari.

Tofauti iko hapo hapo, na ningependa mtu anipinge kwa hoja, asinipinge kwa kofia. Kwenye ubao hakuna kilichofichwa. Kete zote ziko juani, zangu na zako. Nikitoa askari, unaona nimetoa, una haki ya kukataa, una haki ya kufikiri. Nikishindwa, narudisha hatua moja moja mpaka nione nilipokosea, na kesho siku hiyo haijirudii. Kandege je? Ukirudisha unaona nini? Hakuna hatua ya kurudia. Hakuna mpinzani wa kumsoma. Kuna mwenye mchezo tu, ambaye asilimia yake aliishaitoa kabla hujabonyeza, na uwe mjanja uwe mjinga, yeye analala vizuri. Aprili 2025 bodi ya kamari ya serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku 30 zikapita. Kule nyuma ya duka hakuna aliyehitaji tangazo, wanaoneshana wenyewe.

Mtoto akipoteza Englund mara ishirini, amepoteza saa moja na zaidi kidogo, na amejifunza farasi c3. Akipoteza kandege mara ishirini, kwa hamsini hamsini, ni elfu moja ya mtu. Ya nani? Kwa huyu ni ya kaka yake anayeendesha boda, ambaye hajajua bado. Akijua sijui itakuwaje.

Na kuna jambo lingine linanikera zaidi hata ya mwalimu. Tangu nianze kuweka klipu zangu, kila wiki kuna mtu ananiandikia: bro, uliacha chuo, wewe ndio gambiti yenyewe, ulitoa askari ukapata mchezo! Wanataka niseme ndio. Kuna kijana wa Watamu aliniuliza kabisa kama na yeye aache mwaka wa pili aanze kurekodi.

Sikiliza. Mimi sikutoa askari. Karo ilikuwa haijalipwa mihula miwili, mkopo ulichelewa, nikazuiwa kufanya mtihani, nikarudi nyumbani "kwa muda". Muda huo sasa ni mwaka wa tatu. Gambiti ni kitu unachochagua ukijua unachopata. Mimi nilinyang'anywa kete nikaendelea kucheza na zilizobaki. Hizo ni habari mbili tofauti na yeyote anayewachanganyia kwa muziki wa kutia moyo nyuma ya video ana kitu anauza. Kijana wa Watamu, kama karo yako imelipwa, kaa darasani. Klipu utarekodi jioni. Ukitaka kucheza ovyo, cheza ovyo kwenye dakika tatu, ndio maana ziliumbwa.

Maana wanaosema "maisha ni gambiti" na mwalimu anayesema "gambiti ni kamari" wamekosea kosa moja, wote wametoa kitu kwenye ubao wakakipeleka mahali si pake. Machi 2021 Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, na Hikaru Nakamura walikutana kwenye mashindano ya mtandaoni, na wote wawili hatua ya pili wakatoa mfalme nje. Mfalme! Watangazaji wakafa kwa kicheko, mechi ikaisha sare baada ya hatua chache. Lakini matokeo ya mechi hiyo hayakuwa yanabadilisha chochote tena. Bingwa alijua ni wapi pa kutania. Akili ndogo hiyo ndiyo ninayotaka dogo afundishwe: hapa ni dakika tatu, piga mtama. Hapa ni saa moja na nusu, kaa chini ucheze Kihindi cha Mfalme kama mtu mzima. Hapa ni pesa za kaka, weka simu chini.

Huwezi kumfundisha hivyo ukishamfuta kwenye orodha.

Najua mwalimu atasema anatetea nidhamu. Namwelewa, jamani. Ametufundisha bure miaka yote hii, mbao mbili kati ya zile sita alinunua kwa pensheni yake. Ameona vijana wengi wakipotea hapa, na kila njia ya mkato inamkumbusha mmoja wao. Alipoona mtoto anatoa askari hatua ya kwanza, aliona yale mengine. Lakini alikuwa hamwangalii dogo. Alikuwa anaangalia watu ambao dogo sio mmoja wao. Bado.

Orodha ya Mombasa inafungwa Jumatatu. Nafasi ya nne amepewa yule wa miaka 17, ambaye mwenyewe ameniambia anaona aibu kwenda.

Kwa hivyo ombi langu, mwalimu, na naliweka hapa kila mtu alione. Jumamosi hii, saa kumi, chini ya mkwaju. Mimi na wewe, mechi kumi za dakika tatu. Wewe unachukua nyeupe zote kumi, uanze d4 kila mara, na mimi nitajibu e5 kila mara, hata ukiwa umeshaniona mara tisa. Ukishinda saba, nafuta klipu zangu zote za Englund na orodha inabaki ilivyo. Ukishindwa kufika saba, dogo anarudi kwenye orodha. Farasi c3 nimeshakutajia, sijakuficha kitu.

Visoda nitaleta mimi. Na kama kuna mtu anakaa Barani karibu na kwao, apite amwambie ubao wake uko wazi, asije na simu.